Bia ya nje ya punguzo au inayopikwa hapa? Mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Lubumbashi

Bia ya nje ikishushwa bei kuna sababu, na kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kuitafuta kabla ya kutoa pesa. Kwa Lubumbashi huwa ni mojawapo ya hizi: tarehe inakaribia kuisha, kartoni zimeumia njiani kati ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mjini, mwagizaji anatafuta pesa ya mzigo unaofuata, au mzigo umeingia bila karatasi. Sababu ya tatu ndiyo pekee ya kufurahia bila maswali mengi. Ya kwanza na ya pili zinaweza kuwa nafuu ya kweli ukijua kukagua na kupiga hesabu. Ya nne iache, hata ukipewa kwa nusu bei.

Mwongozo huu ni wa anayebeba kartoni moja ya nyumbani, na pia wa mwenye nganda (baa) au mwenye sherehe anayechukua kumi kwa mpigo.

Kwanza jua bia imepikwa wapi

Watu husema "ya nje" na "ya hapa" kana kwamba makundi ni mawili. Kwenye rafu yapo manne. Kuna bia za hapa hapa, kama Simba na Tembo za kiwanda cha Brasimba. Kuna majina ya kampuni kubwa za nje yanayopikwa ndani ya nchi, mfano Beaufort na Castel za kundi la Castel la Ufaransa. Kuna bia zilizovuka mpaka kutoka kiwanda cha jirani ambacho nacho kinapika jina la watu wengine: Castle Lite asili yake ni Afrika Kusini, lakini Zambia pia inapikwa, kwa hiyo kopo unalouziwa kama "la Afrika Kusini" huenda limetoka Zambia tu. Na kuna zile zinazotoka kwao kweli, kama Chimay ya watawa wa Ubelgiji, ambayo haipikwi penginepo.

Bia ya leseni si bia ya bandia. Mwenye jina hutoa mapishi, hamira yake, muundo wa etiketi na vipimo vya ubora. Kiwanda cha hapa hutoa maji, mitungi, wafanyakazi na chupa, na hulipia haki ya kutumia jina. Heineken, kwa mfano, hupikwa katika nchi nyingi kwa aina ileile ya hamira inayotoka Uholanzi. Kinachoweza kubadilika ni nafaka ya kuongezea kwenye shayiri (mahindi, mchele au mtama, kutegemea kilichopo), na wakati mwingine nguvu ya kileo. Hadi mwaka 2003 Heineken iliyopikwa Uingereza kwa leseni ilikuwa na kileo cha asilimia 3.4, wakati ile ya Uholanzi ilikuwa na 5. Jina moja, etiketi inayofanana, vinywaji viwili tofauti. Kwa hiyo usibishane na mtu kuhusu jina, angalia asilimia.

Guinness ndiyo inayochanganya watu zaidi. Ile ya kopo yenye kidude cha gesi ndani, inayotoka Ireland, ina kileo cha karibu asilimia 4.2 na povu laini. Foreign Extra Stout inayopikwa katika nchi nyingi za Afrika kwa kuchanganya dondoo maalumu la kampuni na bia iliyopikwa hukohuko inafika asilimia 7.5 katika masoko mengi. Anayelinganisha bei za hizo mbili analinganisha vitu visivyolingana.

Hatua ya 1: soma etiketi yote, si jina peke yake

Geuza chupa. Tafuta maneno ya Kifaransa "brassé sous licence" au ya Kiingereza "brewed under licence". Kisha tafuta "produit de", yaani nchi ilikotengenezwa, na "importé par", yaani aliyeingiza. Maneno haya huchapwa kwa herufi ndogo sana, mara nyingi pembeni au karibu na kitako cha kopo. Marekani, mwaka 2012, Beck's ya Ujerumani ilianza kupikwa St. Louis na maandishi ya kusema hivyo yakawekwa mahali pasipoonekana kirahisi. Wanunuzi walishtaki, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kuwarudishia sehemu ya pesa. Kama huko wateja walipitwa, hapa nasi tunaweza kupitwa.

Msimbo wa mistari usikupumbaze. Namba zinazoanza na 600 au 601 ni za kampuni iliyosajiliwa Afrika Kusini, 87 ni za Uholanzi, lakini zinaonyesha msajili wa namba tu, si mahali bia ilipopikwa.

Na hakikisha ni bia. Savanna na Hunter's zinakaa rafu moja na bia na zinashushwa bei pamoja, ila ni saida, kinywaji cha matofaa.

Hatua ya 2: tarehe, na hesabu ya joto

Bia nyingi za laga, yaani bia angavu za kawaida, hupewa muda wa miezi 6 hadi 12 tangu kufungwa. Tafuta tarehe kwenye shingo ya chupa, kwenye etiketi ya nyuma au chini ya kopo. Husomwa siku, mwezi, mwaka. Ukiona tarehe mbili, ya mwanzo ni ya kutengenezwa. Ikiwepo moja tu, kwa kawaida ni ya mwisho wa ubora, na hapo unarudi nyuma miezi 9 au 12 kukisia umri.

Bia iliyopitwa kidogo na tarehe haimtilii mtu sumu. Kileo, uchachu, gesi na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) haviachi vijidudu vya ugonjwa viishi humo. Kinachokufa ni ladha: oksijeni kidogo iliyobaki chini ya kizibo huifanya bia iwe na harufu ya karatasi iliyolowa, kisha utamu mzito usio na uhai, na uchungu wa hopsi unafifia.

Joto ndilo linaloharakisha uharibifu huu kuliko tarehe. Wafanyabiashara wa bia wana kanuni ya kukisia: siku 3 kwenye nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22, na siku 300 kwenye nyuzi 3 zinaizeesha bia kwa kiasi kinachokaribiana. Sasa fikiria lori lililopanga foleni Kasumbalesa mwezi wa Oktoba, siku nne, turubai juu, jua kali. Bia hiyo imezeeka kama iliyokaa zaidi ya mwezi stoo, na tarehe iliyochapwa haitakuambia. Mzigo uliopita mwezi wa Juni au Julai, wakati wa baridi yetu, uko katika hali nzuri zaidi hata ukiwa na tarehe ileile. Ndiyo maana swali la maana dukani si "inaisha lini?" peke yake. Uliza hivi: "Mama, mzigo huu uliingia lini, na ulikuwa umewekwa wapi?" Anayejua mzigo wake anajibu bila kusita.

Kwa laga ya nje, weka mpaka huu: ikiwa imebaki chini ya miezi 2, nunua kiasi cha kunywa ndani ya wiki mbili, na punguzo liwe angalau robo ya bei. Imebaki chini ya wiki 3? Achana nayo, isipokuwa ni ya kunywa Jumamosi hiihii na umeionja.

Kanuni hii ina bia zake za kuivunja, na hapo ndipo nafuu ya kweli ilipojificha. Chimay ya bluu, yenye asilimia 9, ina hamira hai ndani ya chupa na huendelea kukomaa kwa miaka ikitunzwa gizani penye ubaridi. Duka linaloishusha bei kwa sababu "tarehe inakaribia" linakupa zawadi. Duvel, asilimia 8.5, nayo huchachushwa tena ndani ya chupa na inastahimili. Bia nyeusi nzito pia huvumilia kuliko laga nyepesi. Zinazoharibika haraka kuliko zote ni laga hafifu za asilimia 4 na zile zisizo na kileo.

Hatua ya 3: kagua chupa, kopo na mahali zilipokaa

Mwanga ni adui wa pili. Ukipiga bia, hopsi zilizomo zinavunjika na kutoa harufu ya kicheche, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe haizuii kitu. Kopo linazuia wote. Kwa hiyo kwa bia ya nje ya punguzo, kopo lishinde chupa ya kijani kila mara bei zikilingana. Chupa za kijani zilizopangwa dirishani mwa alimantasio (duka la vyakula) kama mapambo usiziguse. Omba zilizomo ndani ya kartoni iliyofungwa.

Kwenye kopo, pitisha kidole kwenye ukingo wa juu na wa chini. Kopo lililobonyea ubavuni halina shida. Lililobonyea penye mshono wa ukingo linavujisha gesi polepole. Lililovimba, rudisha. Kartoni yenye madoa ya kunata maana yake kuna kopo lililopasuka ndani, na majirani zake wameanza kuharibika.

Kwenye chupa, tazama kizibo. Kizibo cha kawaida kina meno 21 yaliyobanwa sawasawa. Meno yaliyopinda upande mmoja, mikwaruzo ya koleo au kutu iliyoingia chini yake ni dalili ya chupa iliyofunguliwa na kufungwa tena. Simamisha chupa nne pamoja uangalie kimo cha bia shingoni: kiwandani mashine hujaza kwa kiwango kimoja, kwa hiyo chupa iliyopungua vidole viwili ina kasoro. Tarehe iliyochapwa kwa wino unaofutika ukisuguliwa kwa kidole gumba chenye mate, mzigo huo uache ulipo.

Vumbi si kosa. Etiketi iliyopauka upande mmoja ndiyo kosa, kwa sababu inaonyesha upande uliokuwa ukipigwa na jua.

Hatua ya 4: piga hesabu kwa lita

Hapa ndipo wengi wanapoibiwa bila mwizi. Bei ya chupa moja haikuambii chochote, maana vipimo havifanani. Kopo la nje mara nyingi ni santilita 33, mengine 44 au 50. Chupa kubwa ya hapa ni santilita sabini na kitu. Soma kipimo, zidisha kwa idadi, kisha gawanya bei kwa lita ulizopata.

Tuchukue bei za mfano tu, zako utaziweka mwenyewe. Kartoni ya makopo 24 ya santilita 33 ina lita 7.92. Kwa dola 18, lita moja ni dola 2.27. Kasiye (kreti) ya chupa 12 za santilita 73 ina lita 8.76. Kwa dola 16 bila kuhesabu vidanji, yaani chupa tupu za kurudisha, lita moja ni dola 1.83. Sasa kartoni imewekewa tangazo kubwa la punguzo la asilimia 20: dola 14.40, yaani dola 1.82 kwa lita. Punguzo lote hilo limeifikisha tu pale kasiye ya hapa ilipokuwa tangu mwanzo.

Makopo matatu kati ya 24 yakiwa yamevuja au yamekufa gesi, umebaki na lita 6.93 na lita moja imepanda hadi dola 2.08. Kwa mzigo wa punguzo, weka hasara ya kopo moja au mawili kwenye hesabu kabla ya kulipa.

Ukitaka kulinganisha nguvu, zidisha lita kwa asilimia ya kileo. Kartoni ile ikiwa ni ya asilimia 4 ina lita 0.317 ya kileo halisi; kasiye ikiwa ya asilimia 5 ina 0.438. Hii si hesabu ya kulewa kwa bei rahisi. Inakuonyesha kwamba mgeni aliyezoea chupa mbili za hapa ataomba makopo matano, na bajeti yako itapasuka.

Halafu kuna vidanji. Bei ya kasiye inayotajwa kwenye depo ni ya mtu anayeleta chupa tupu. Usipokuwa nazo unalipa dhamana ya chupa na ya kasiye yenyewe, na pesa hiyo inarudi tu ukizirudisha nzima, mdomo haujameguka, zikiwa za kiwanda hichohicho. Ukifika sema mapema: "Papa, vidanji ninazo kumi na moja, moja imepasuka." Kopo na chupa ya nje isiyorudishwa havina dhamana, na hiyo ni faida kwa mtu asiye na mahali pa kuweka chupa. Ila angalia: chupa ya kurudishwa iliyotoka Zambia haipokewi na depo ya Brasimba, kwa hiyo usikubali kulipishwa dhamana juu yake kama muuzaji mwenyewe hakubali kuipokea tena.

Mwisho wa hesabu ni sarafu. Uliza bei iko kwa dola au kwa franka, na chenji itarudi kwa kiwango gani. Punguzo la asilimia 5 linaweza kumezwa lote na kiwango kibaya cha kubadilishia. Na dola iliyochanika pembeni, kama kila mtu wa hapa ajuavyo, haitapokewa.

Hatua ya 5: onja moja kabla ya kubeba kumi

Nunua kopo moja kutoka kartoni ileile unayotaka, si lililo kwenye friji ya mbele, maana hilo huenda ni la mzigo mwingine. Lipoze hadi baridi ya kawaida ya friji, kisha liache dakika 10 nje. Bia inayogandisha ulimi haionjeki. Baridi kali huficha makosa yote, na ndiyo sababu bia mbaya hupewa mtu ikiwa na barafu.

Sikiliza mlio wa gesi. Mimina kwenye glasi safi isiyo na mafuta: povu lisimame angalau kidole kimoja na lidumu dakika moja au mbili. Nusa kabla ya kunywa. Karatasi iliyolowa ni uzee. Kicheche ni mwanga. Siki ni bakteria au kizibo kilichoachia. Harufu ya siagi iliyoyeyuka ni uchachushaji usiokamilika, au bakteria. Laga iliyokuwa angavu ikiwa na ukungu au vipande vinavyoelea, irudishe. Chimay au Duvel zikiwa na mashapo chini, hiyo ni hamira yao, mimina polepole uyaache chupani.

Kama swali lako ni kujua kama unaweza kutofautisha ya nje na ya leseni, mwambie mtu akumiminie glasi tatu bila wewe kuona: mbili za bia moja, ya tatu ya nyingine. Tafuta iliyo tofauti. Kubahatisha tu kunakupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia angalau mara tano kabla ya kujisifu. Wengi wakishindwa mtihani huu huacha kulipia jina.

Hatua ya 6: karatasi, hasa kwa mwenye kuuza tena

Biashara ya bia ya nje Katanga hutegemea mpaka, na mpaka hubadilika. Agosti 2024 serikali ya Kongo ilipiga marufuku kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka Zambia. Wasafirishaji wakaandamana, na Zambia ikafunga mpaka wake wa Kasumbalesa kwa siku chache. Makatazo ya namna hii hutolewa kwa muda, huongezwa, huondolewa. Kabla ya kuweka pesa kwenye mzigo mkubwa, muulize deklara, yaani wakala wa forodha, katazo gani linafanya kazi mwezi huo.

Mwenye nganda adai fakitire (ankara) yenye jina la muuzaji, tarehe, idadi na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ikionyeshwa pale inapohusika. Mwagizaji halali anaweza kuonyesha karatasi za forodha, yaani DGDA, na za OCC, Ofisi ya Kongo ya Udhibiti. Wakaguzi wakikuta kartoni bila fakitire, anayepoteza ni aliye nazo mkononi, wala si aliyezivusha. Ile bei ya ajabu inayonong'onwa nyuma ya lori imeshakuhamishia hatari hiyo.

Hatua ya 7: kubeba na kutunza

Beba asubuhi au jioni. Gari lililofungwa vioo juani Septemba linazeesha bia kwa saa chache kuliko wiki nzima ya stoo. Nyumbani weka sakafuni, gizani, chupa zikiwa zimesimama, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri.

Umeme ukikatika na bia ikapata joto la chumba kisha ikarudi kwenye friji, haijaharibika. Kupoa na kupashwa kidogo si tatizo, tatizo ni joto kali. Ila usiisahau kwenye friza. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda chini kidogo ya sifuri, kama nyuzi 2 au 3, na chupa hupasuka. Haraka ikikubana, tumia beseni la maji, barafu na kiganja cha chumvi: kopo hupoa kwa dakika 10 hadi 15, chupa kubwa kwa kama nusu saa.

Kwa sherehe

Tuseme wageni 60, na 40 kati yao wanakunywa bia. Chupa kubwa mbili kwa kila mmoja ni chupa 80, yaani kasiye 7. Ongeza moja ya akiba. Kabla ya kulipa, patana na mwenye depo kwamba kasiye zitakazobaki zimejaa zitarudishwa na pesa irudi, na iandikwe kwenye fakitire. Depo nyingi za bia ya hapa hukubali kwa mteja anayejulikana. Bia ya nje ya punguzo hairudishwi: ikibaki, ni yako na tarehe yake. Kwa hiyo uti wa sherehe uwe bia ya hapa, na kartoni ya nje iwe moja au mbili tu za meza ya wakubwa, zikiwa za makopo.

Siku inayofuata, hesabu vidanji kabla watoto wa mtaa hawajazikusanya, na uzirudishe ndani ya wiki hiyo ukiwa na fakitire mkononi.